Rivyu: Lancia Stratos Zero ya 1970, gari ambayo mlango wake ni kioo cha mbele

Wakuu, leo siwaletei rivyu ya Crown wala Harrier, hizo zimeshaandikwa mpaka zimechuja. Leo naongelea gari ambayo ipo moja tu dunia nzima, haijawahi kukaa shoruumu na bei ubavuni, spea zake huzipati Kariakoo wala Dubai, na ukiniuliza kama ni gari nzuri ntakujibu inategemea unaiuliza kama gari ya kutembelea au kama sampo, ile sampo ambayo fundi anaitengeneza kwa hela yake mwenyewe ili apewe tenda. Inaitwa Lancia Stratos Zero, imetengenezwa na kampuni ya bodi ya Bertone ya Torino, Italia, ikaonyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Torino mwaka 1970, na aliyeichora ni Marcello Gandini, yule yule wa Lamborghini Miura na Countach.

Mimi kazi yangu ni bodi. Kunyoosha, kupiga puti, msasa, rangi. Nilianzia mitaa ya Gerezani, Dar, nikiwa dogo wa kushika msasa na ndoo ya maji, saa hizi niko gereji huku Georgia, Marekani, kazi ni ile ile ila kuna oveni ya rangi ya ukweli na umeme haukatiki ukiwa katikati ya koti ya pili. Kwa hiyo msitegemee falsafa ya usanifu hapa, naangalia gari kwa jicho la fundi. Hii niliiona 2014 kwenye makumbusho ya sanaa ya High pale Atlanta, walileta magari 17 ya konsepti, yale ya kutengenezwa kwa ajili ya kuonyeshwa tu, wakayapanga kama picha za ukutani, na nilienda kwa sababu jamaa mmoja wa kazini alisema kuna gari pale imekaa chini kuliko kaunta ya jikoni kwake. Nikasema huyu anaongeza chumvi. Wapi, alikuwa hajaongeza hata punje.

Sentimita 84, kutoka sakafuni mpaka paani. IST ya kawaida ina zaidi ya mita moja na nusu, kwa hiyo ukizipaki pamoja paa la Zero linakuja kugota karibu na vitasa vya milango ya IST. Urefu wake ni kama mita 3.58, yaani ni fupi kuliko Vitz, halafu upana mita 1.87, yaani ni pana kuliko Crown. Hebu piga picha kichwani, fupi kuliko Vitz, pana kuliko Crown, na iko chini kuliko chochote ulichowahi kukiona barabarani. Ukisimama wima huioni, unaona mgongo wake tu, sisi watu wazima tulikuwa tunazunguka tunainama inama huku watoto wamesimama zao wanaiangalia usawa wa macho, wao ndo waliofaidi siku ile. Mimi niliishia kuchuchumaa, mlinzi akaja kunicheki, akaona nakagua mkunjo wa paneli tu, akaniacha.

Kwanini iwe chini hivyo? Kuna mashindano nyuma ya hii kitu. Miaka ile Torino ilikuwa na kampuni za bodi zinazogombania kazi za Fiat, Alfa Romeo, Lancia, Ferrari na wengine, na silaha yao kubwa ilikuwa konsepti za kwenye maonyesho. Gandini alikuwa ameshatoa Alfa Romeo Carabo mwaka 1968, kabari ya kijani yenye milango inayopanda juu, ndo ile milango mliyokuja kuiona kwenye Countach. Halafu mapema 1970 kule Geneva wapinzani wao Pininfarina wakaja na Modulo, imechorwa na Paolo Martin, imekaa juu ya chesisi ya Ferrari ya mbio aina ya 512 S, urefu wa kwenda juu sentimita 93.5. Watu wakaona basi, hapa ndo mwisho, chini zaidi ya hapa utalala kwenye lami. Mwaka ule ule haujaisha, Bertone wakaingia na 84. Gandini hapo ana miaka 32. Modulo nayo ilikuwepo Atlanta, nyeupe, ina V12 ya Ferrari ndani, yaani injini ya silinda 12, na kwa maoni yangu ni kazi safi sana ila haina hasira, imetulia, unaweza kuizunguka mara mbili usijue mbele ni wapi. Zero hakuna swali hilo. Hata ikiwa imepaki unajua inaelekea wapi.

Haya, tuingie ndani, na hapa ndo kuna kasheshe yenyewe. Milango haina. Sio kwamba imefichwa, haipo kabisa. Kioo cha mbele ndo mlango. Kimefungwa bawaba upande wa juu, kinafunguka kwenda juu kizima, na wewe unaingilia puani kwa gari, unakanyaga pale mbele ambapo wameweka mpira mweusi usiteleze wala kukwangua rangi, unageuka, unakaa kwanza makalio halafu miguu unaiingiza mbele kama unajiingiza uvunguni. Nguzo ya stelingi nayo inasogea. Ukiisukuma mbele kupata nafasi ya kupitisha mapaja, kuna mfumo wa haidroliki umeunganishwa nayo unanyanyua kioo kwa wakati huo huo. Ukishakaa unairudisha kifuani na kioo kinashuka. Nimefanya bodi miaka mingi sijaona kitu kinaunganisha stelingi na mlango, na kusema kweli nimeipenda, sababu ingekuwa rahisi kabisa kuweka kamba ya plastiki pale na kusema ni gari ya maonyesho tu, nani atajali. Wao wakaifanya ifanye kazi.

Ila sasa tuulizane kama wateja. Umevaa kanzu au gauni refu, unaingiaje? Mama mkwe unamwambia nini, mama kanyaga boneti? Mvua ya masika imekukuta, ukifungua mlango ndo umefungua kioo cha mbele, viti vyote vinaoga kabla yako. Na tuseme umegonga ukuta kwa mbele, pua imerudi nyuma, kioo kimekwama, unatokea wapi? Mimi nimeshakata milango iliyokunjika kwa grinda kumtolea mtu begi lake, hii ungeikata wapi sijui, maana kila unapoangalia ni paneli moja ndefu. Usalama naipa sifuri na hiyo sifuri nimemuonea huruma.

Ndani ni watu wawili, mmelala zaidi ya mlivyokaa, na mmekaa mbele kweli kweli, miguu yenu iko katikati ya matairi ya mbele. Viti vimegawanywa vipande vya mraba mraba vyenye mto, kama chokoleti ya kumega, na kwa picha unaweza kudhani ni urembo ila nadhani kwa mtu aliyelala vile mgongo unahitaji hivyo vipande vishike, vinginevyo ukipiga breki unateleza unaenda kuishia kwenye pedeli. Dashibodi hakuna ingekaa wapi, mbele yako ni kioo tu, kwa hiyo geji wameziweka ubavuni kushoto, juu ya pango la tairi, kwenye kipande cha plastiki ya kijani kinachong'aa. Maana yake ukitaka kujua spidi unageuza shingo kushoto. Kwa mwaka 1970 watu waliona ni chombo cha anga, na jina lenyewe ndo liko huko, Stratos inatokana na stratosfia, na ndani ya karakana waliwahi kuiita Stratolimite, mpaka wa stratosfia. Kwa mimi ninayeendesha barabara kuu ya I-285 saa kumi na moja jioni, hapana, shingo yangu naihitaji mbele.

Na kuona nje? Mbele unaona vizuri, anga lote lako, taa za barabarani zote unazo. Lori likisimama pembeni unaona eksozi na difu lake, dereva wake hajui kama upo duniani. Saiti mira haina. Nyuma kuna injini. Ukitaka kurivasi mtafute konda.

Sasa nije kwenye bodi maana hapo ndo nilikuja kulipia kiingilio. Watu wakiona picha wanasema ni kabari, pembetatu, mchoro wa mtoto kwa rula, rahisi. Anayesema hivyo hajawahi kunyoosha paneli iliyo bapa. Paneli yenye mviringo inasamehe, ukikosea kidogo mviringo unaficha, jicho linateleza. Paneli bapa ndefu haisamehi kitu. Kila wimbi linaonekana, kila sehemu nyundo ilipolala vibaya inaonekana, ukiweka taa ya tyubu pembeni yake mstari wa mwanga unatakiwa upite umenyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho, ukicheza tu umeumbuka. Nilifanya hivyo hivyo pale makumbusho, taa za dari zilikuwa zinajirudi kwenye ubavu wa gari, nikatembea taratibu nikiangalia ule mwanga kama utakatika au kucheza. Haukucheza. Halafu juu ya hapo wakaipaka shaba, ile metaliki ya kahawia inayong'aa, ambayo fundi rangi yeyote atakwambia ni rangi ya kukutia presha kwa sababu chembe za metaliki zikilala tofauti kwenye paneli bapa unapata mawingu na mistari na unarudia kazi yote. Kuna kipindi cha maisha yake ilikuwa na rangi ya fedha, baadaye ikarudishwa shaba yake ya kwanza, na waliofanya hivyo walifanya jambo la maana. Fedha inaifanya ionekane bati. Shaba inaifanya ionekane imechongwa.

Na kuna kitu kinaniuma hapa niseme. Gandini tunamjua, Nuccio Bertone mwenye kampuni tunamjua, ila waliopiga hizo paneli kwa mkono majina yao hayapo kwenye kibao. Mchoro ulikuwa karatasi. Kuna mzee mmoja wa Kiitalia na nyundo yake ndo aliyeugeuza kuwa gari, na kwenye kibao pale chini kaandikwa mchoraji, kampuni, mwaka, basi.

Kifuniko cha injini nacho msikipite haraka. Ni pembetatu ya vipande vya bapa vilivyopandana kimoja juu ya kingine, hewa inapita katikati yake, na kinafunguka kwa ubavu. Kutoka pale gari inaenda nyuma mpaka inakatwa ghafla, tako lote bapa, giaboksi na mabomba mawili ya eksozi yako nje nje yanaonekana, hakuna bampa, hakuna aibu. Ni kama wamesema mbele tumeficha kila kitu hadi mlango, nyuma hatufichi kitu.

Taa sasa. Mbele huoni taa, unaona ufa mwembamba tu umepita upana wa pua, humo ndani wamepanga balbu 10 za wati 55 kila moja. Piga hesabu, wati 550, kwenye mfumo wa volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 45 kwa taa za mbele peke yake, betri ya kigari cha miaka ile ingeomba poo kabla hujafika Chalinze. Nyuma wamezungusha vibalbu vidogo 84 kwenye ukingo wote wa lile tako lililokatwa, hivyo usiku gari inachorwa umbo lake kwa mwanga mwekundu. Leo magari mengi mapya yana mstari wa taa unaozunguka nyuma, wanauita sijui sahihi ya mwanga, kwa teknolojia ya LED ni kitu cha dakika mbili. Wao walifanya kwa balbu za kawaida, moja moja, na waya wake mmoja mmoja. Namuonea huruma fundi umeme wa siku ile kuliko hata fundi bodi.

Injini ntaipitia haraka kwa sababu yenyewe sio ya ajabu. Ni V4 ya Lancia Fulvia HF, gari ya rali ya Lancia ya wakati ule, cc 1584, hosipawa 115. Kwa Fulvia ilikaa mbele na kuvuta matairi ya mbele, kwa Zero wakaichukua wakaiweka nyuma ya viti inasukuma matairi ya nyuma. Uzuri wa ile V4 ni kwamba silinda zake zimebanana sana, injini inakuwa fupi na ndogo, na bila hivyo sentimita 84 zingekuwa ndoto. Na msiidharau Fulvia, ndo iliyoshinda rali ya Monte Carlo 1972 na dereva Sandro Munari. Ila ukilinganisha na Modulo yenye V12 ya mbio za Le Mans, Zero ni gari yenye sura ya roketi na moyo wa gari ya familia yenye hasira kidogo. Mimi hilo halinisumbui, tena ndo limeiokoa. V12 ya mbio kwenye konsepti ni pambo, Modulo miaka mingi ilikuwa haitembei kabisa. Hii yenye injini ya kawaida ilikuwa inawaka na kuondoka.

Na kuondoka kwake ndo kulileta hela. Hii stori inasimuliwa sana Italia na kila mtu anaongeza chumvi yake ila mfupa wake ni huu. Lancia ilikuwa imenunuliwa na Fiat mwaka 1969, hali mbaya kifedha, na kitengo chao cha rali chini ya Cesare Fiorio kilikuwa kinatafuta gari mpya kwa sababu Fulvia inazeeka. Kazi za bodi za Lancia kwa kawaida zilikuwa zinaenda kwa Pininfarina na Zagato, Bertone alikuwa anaangalia kwa nje kama sisi tunavyoangalia tenda za serikali. Kwa hiyo hakuomba. Alitafuta Fulvia iliyotumika mwenyewe, akatoa vyombo vyake, akajenga Zero, akaibandika nembo ya Lancia. Kwenye maonyesho watu wakachanganyikiwa, mabosi wa Lancia wakabaki wanaulizana hii ya kwetu imetoka wapi. Mapema 1971 wakamuita waongee. Wengine wangeenda na suti na faili. Nuccio Bertone akaingia kwenye Zero yenyewe, akaiendesha barabarani katikati ya Torino mpaka getini kwa Lancia, geti limefungwa kwa lile boriti la kunyanyua, na badala ya kusimama asubiri mlinzi anyanyue akapita chini yake. Boriti liko pale pale, gari iko ndani. Wafanyakazi wakapiga makofi.

Jamani kama kuna kotesheni bora kuliko hiyo niletewe. Mimi nimeshapeleka kotesheni kwa kampuni moja ya bima, imechapwa vizuri, ina mhuri, nikasubiri miezi wakampa mtu mwingine ambaye hata oveni hana. Huyu mzee hakuandika kitu. Aliwaonyesha kwamba anaweza kutengeneza kitu ambacho wao hawakijui bado kama wanakitaka, na kwamba kinatembea, na kwamba kinapita pale ambapo vingine havipiti, vyote kwa sekunde tano.

Akapewa kazi. Mwisho wa 1971 kwenye maonyesho hayo hayo ya Torino ikaonyeshwa Stratos HF, Gandini tena, safari hii na V6 ya lita 2.4 ya Ferrari Dino, hosipawa kama 190 kwa ya barabarani. Ukiziweka pamoja hutaona undugu wa haraka. Zero ni kabari ya kulala, HF ni kifupi kilichosimama, ina milango ya kawaida Mungu saidia, na kioo cha mbele kilichozunguka kama miwani ya helmeti. Kilichobaki ni jina, injini katikati, na ule ufupi wa kutoka tairi la mbele mpaka la nyuma, zote ziko kwenye mita 2.2 hivi. Zilitengenezwa chini ya 500, na zikaipa Lancia ubingwa wa dunia wa rali 1974, 1975 na 1976 mfululizo. Ilikuwa gari ya kwanza kuchorwa kuanzia sifuri kwa ajili ya rali tu, kabla ya hapo watu walikuwa wanachukua gari ya sokoni wanaibadilisha.

Na wazee wetu wanaijua hii, ndo maana nikasema niilete hapa. Safari Rally ya Pasaka 1975 kule Kenya, Munari alimaliza wa pili na Stratos, Björn Waldegård wa tatu na Stratos nyingine, na aliyewapiga wote ni Ove Andersson na Peugeot 504. Ndio, 504, ile ile iliyobeba abiria wa Afrika Mashariki na mbuzi wao miaka na miaka. 1977 Munari akaja tena akapata wa tatu, Waldegård akashinda ila na Ford Escort. Kwa hiyo Stratos ilibeba Monte Carlo, ikabeba ubingwa wa dunia mara tatu, Safari haikuibeba kamwe, matope ya kwetu hayajali nani kachora. Lakini fikiria mnyororo wenyewe, kitu ambacho hakiwezi kupanda hata ukingo wa barabara pale Mwenge, kimezaa kitu kilichokimbia maelfu ya kilomita za vumbi na tope la Kenya na kufika wa pili.

Wa umri wangu tuliiona Zero kabla ya kuijua. Ile filamu ya Michael Jackson ya 1988, pale anapogeuka kuwa gari, gari lenyewe ndo hili, likiwa na ile rangi ya fedha. Tuliangalia kwenye kibanda cha video tukajua ni mambo ya kompyuta, gari ya kutunga. Kumbe ilikuwa gari ya kweli na ina umri wa miaka 18 tayari.

Bei. Kampuni ya Bertone ilikuja kuyumba, Nuccio mwenyewe alishafariki 1997, na ilipofika Mei 2011 baadhi ya konsepti zao zikapigwa mnada na kampuni ya minada ya RM pale Villa d'Este, ziwa Como. Zero iliondoka kwa euro 761,600. Siku hiyo hiyo Lamborghini Marzal ya 1967, nayo mkono wa Gandini, ikaenda kwa euro 1,512,000. Yaani Marzal mara mbili. Mimi nasema aliyechukua Zero aliokota. Marzal ni nzuri, milango yake ya vioo mpaka chini ni kitu, ila Marzal ilizaa Lamborghini Espada kwa mbali, Zero ilizaa bingwa wa dunia. Kampuni nayo ikafa 2014, mwaka ule ule mimi nimechuchumaa Atlanta nakagua ubavu wa gari yao. Gandini amefariki Machi 2024. Gari ipo, imetunzwa, na inawaka, sio ganda la kuweka kwenye jukwaa.

Huduma baada ya mauzo sina haja ya kuongea. Kioo cha mbele kikipasuka hakuna duka, kinatengenezwa upya, na kumbuka kioo hicho ndo mlango wako, kwa hiyo mpaka kipatikane gari haifungi. Kipande cha injini unaweza kukipata kwa watu wa Fulvia, klabu zao Ulaya zina spea bado. Bodi sasa, ukinipigia simu kwamba imechunwa ubavuni ntakwambia ukweli, mimi siigusi, na mimi huwa sikatai kazi.

Maksi zangu. Kama gari ya kwenda kazini na kurudi, 1 kwa 10, na hiyo 1 ni ya zile taa za nyuma maana angalau wa nyuma yako atakuona. Starehe 3, viti vingepata zaidi ila joto la injini liko kisogoni. Kazi ya bodi 10, natamani ningekuwa na 11. Kama sampo ya kuombea tenda sijaona mfano wake na sitegemei kuona, 10 bila kufikiri mara mbili.

Ikija tena kwenye makumbusho karibu na mlipo, nyie wa Ulaya na Marekani ndo mna nafasi hiyo, msiishie kupiga picha kwa mbele kama kila mtu. Nendeni ubavuni, muichuchumalie, tafuteni mwanga wa dari kwenye paneli muufuate mpaka nyuma. Halafu mkifika nyuma hesabuni balbu, mimi nilifika 60 na kitu mlinzi akaniambia wanafunga.